Pampu ndogo ya volti 12 kwenye sufuria ya kimea: mwongozo kamili kutoka uani Mtwara

Sufuria ya lita 30 ikikaa juu ya jiko la gesi, chini kuna nyuzi joto 75, juu kuna 60, na katikati hakuna anayejua. Nilipika pombe hivyo kwa muda mrefu, mwiko mkono mmoja, kipimajoto mkono wa pili. Nikikoroga sana, mchuzi unachafuka kama Ruvuma wakati wa masika. Nisipokoroga, chini kunashika ukoko na ndoo nzima inanuka moshi wiki tatu baadaye.

Dawa yake ni pampu ndogo inayochota mchuzi chini ya sufuria na kuurudisha juu, polepole, muda wote kimea kinapofanya kazi. Joto linalingana, na kwa kuwa mchuzi unapita tena na tena katikati ya nafaka, nafaka yenyewe inakuwa chujio. Yangu niliipata kwa pesa ambayo haikufika gharama ya kujaza mtungi mkubwa wa gesi.

Tuelewane maneno kwanza. Kimea ni nafaka iliyooteshwa kisha ikakaushwa. Rojo ni kimea kilichochanganywa na maji ya moto. Mchuzi ni yale maji matamu yanayotoka kwenye rojo, ambayo baadaye yatachemshwa, yatapozwa na kutiwa hamira. Ukiishia kabla ya hamira una kinywaji kitamu cha kimea, na nyumbani kwetu nusu ya walaji wanakunywa hicho tu. Vifaa ni vilevile.

Na kama unachotengeneza ni uraka, ile pombe ya mabibo ya mkorosho, okoa pesa yako. Uraka hauhitaji joto wala pampu.

Pampu ya kutafuta

Unatafuta pampu ya volti 12 inayoendeshwa kwa sumaku. Ndani yake pangaboi na mota havijaunganishwa kwa shafti inayotoboa ukuta. Sumaku ya upande mmoja inaizungusha ya upande wa pili. Faida zake ni mbili: hakuna mahali pa kuvujisha kwenye shafti, na unaweza kubana koki ya kutokea bila kuiua mota. Huuzwa kwa ajili ya kuzungusha maji ya moto ya sola, na mdomo wake kwa kawaida una uzi wa nusu inchi. Ukiikosa kwenye maduka ya sola ya Mtwara mjini, mtu wa Kariakoo anaituma kwa basi.

Kabla ya kulipa, soma kibandiko. La kwanza ni joto: kiseme nyuzi 100. Nyingi zinazofanana nayo kwa sura ni za matenki ya samaki na zimeandikwa 60. Hizo ukizipitishia mchuzi wa moto plastiki inalegea na pangaboi inaanza kukwaruza. La pili ni mita za kupandisha maji, mara nyingi 3 au 5. Usidhani utapata lita zote zilizoandikwa ukiwa kwenye urefu huo. Urefu wa mwisho ndio pale maji yanapokoma kabisa. Sisi tunapandisha mita moja tu, kwa hiyo pampu ya lita 8 kwa dakika inatutosha na kubaki, tena tutaibana. La tatu ni ampea. Kama imeandikwa 1.5, tafuta adapta ya volti 12 yenye ampea 2 au 3. Adapta za kamera za ulinzi zinafaa sana na zipo kila mahali. Chaja ya kompyuta mpakato usiiguse, nyingi zinatoa volti 19.

Uzuri wa volti 12 ni kwamba umeme ukikatika katikati ya kazi, betri ya pikipiki inachukua zamu. Betri ya ampea-saa 7, ukiitumia nusu tu ili usiiue, inaendesha pampu hiyo saa mbili na zaidi. Weka fyuzi ya ampea 3 kwenye waya mwekundu. Na usikosee chanya na hasi: pampu hizi zina saketi ndogo ndani, ukigeuza waya ama haitazunguka ama itaungua.

Vitu vingine

Sufuria ya lita 30 au zaidi, ya chuma kisichoshika kutu ukiweza, ya alumini kama ndiyo uliyonayo. Koki mbili za mkono za nusu inchi, za chuma kisichoshika kutu. Nipo moja (kipande kifupi cha bomba chenye uzi), nati yake ya nyuma na wosha mbili za silikoni. Mita tatu za mpira wa silikoni unaoingia barabara kwenye vichwa vya pampu, na klipu za kufungia. Tredi tepu, ule utepe wa kuzungushia uzi wa mabomba.

Kwenye mpira usibane pesa. Mpira wa kumwagilia bustani ukipitishiwa maji ya nyuzi 65 unalainika, unajikunja na kuacha ladha ya plastiki isiyotoka hata ukichemsha. Bomba la chuma la mabati nalo liache: mchuzi una asidi kidogo na unakula ile zinki.

Kwa chujio la chini unaweza kukata bamba lenye matundu madogo likae sentimita mbili au tatu juu ya kitako. Mimi nilianza na mfuko wa kitambaa cha pazia jepesi, ulioshonwa na fundi cherehani ukubwa wa sufuria, chini yake nikaweka kung'uto la bati lisiloshika kutu ili mfuko usizibe tundu la koki. Unafanya kazi vizuri hadi leo. Ila nakuonya: usishone mfuko huo kwa chandarua. Vyandarua vinavyogawiwa vimetiwa dawa ya kuua wadudu, na dawa hiyo iliwekwa makusudi isitoke haraka kwa kufua.

Kutoboa sufuria

Nipo ya nusu inchi ina unene wa karibu milimita 21 kwa nje. Toboa tundu karibu sana na kitako, kadiri nati ya nyuma itakavyoruhusu, maana kila sentimita unayopanda juu ni mchuzi utakaobaki ndani. Anza na tundu dogo, kisha panua kwa drili ya ngazi, polepole, ukidondoshea mafuta ya kupikia. Nyuma ya bati shika kipande cha ubao, hasa kama ni alumini nyembamba, la sivyo inabonyea na wosha haitakaa sawa.

Fundi wangu alitaka kupiga gundi ya mabomba kuzunguka tundu. "Kaka, hii ndiyo dawa ya kuvuja," akasema. Nikamwambia, fundi, hapa patapita kitu cha kunywa, tena cha moto. Wosha ya silikoni ndani, wosha nje, nati ikakazwa kwa mkono kisha robo mzunguko kwa spana. Haijavuja. Ukikaza sana unaikamua wosha itoke pembeni, na hapo ndipo inapovuja.

Mahali pa kuiweka

Watu wengi wananunua pampu nzuri kisha wanailaumu, kumbe kosa ni mahali walipoiweka. Pampu hii haivuti, inasukuma. Haiwezi kunyonya mchuzi kutoka kwenye ndoo na kuupandisha juu ya ukingo. Lazima mchuzi uifikie wenyewe kwa uzito wake, uijaze, ndipo yenyewe ifanye kazi.

Kwa hiyo pampu ikae chini ya tundu la sufuria, sentimita 30 au zaidi ikiwezekana. Kama jiko lako liko chini kabisa, panga matofali uliinue kwanza, na hakikisha halitikisiki. Lita 25 za rojo la moto hazina msamaha. Mpira kutoka koki ya sufuria uende kwenye mdomo wa kuingilia kwa mteremko mmoja, bila kupanda popote, kwa sababu palipopanda ndipo hewa inapojificha. Mdomo wa kutokea uangalie juu ili hewa iliyoingia ipande na kutoka yenyewe.

Koki ya kwanza iko kwenye sufuria. Hiyo ukipika inafunguliwa yote, haibanwi hata kidogo. Koki ya pili inakaa baada ya pampu, upande wa kutokea, na ndiyo unayoitumia kupunguza mwendo. Ukibana upande wa kuingilia, pampu inakosa maji, inatengeneza mapovu ndani yake na kelele inabadilika kama ya mtu anayesaga kokoto.

Pampu ifunge kwenye kipande cha ubao kwa skrubu, mbali na moto. Kidumu cha lita 5 kilichokatwa nusu ni kofia nzuri ya kuikinga na matone, ila acha pembeni wazi ipumue. Adapta ining'inie juu zaidi ya pampu, na waya ushuke kidogo chini kabla ya kuipandia, ili maji yakifuata waya yadondoke njiani.

Mpira wa kurudi upande hadi juu ya sufuria, umalizikie chini kidogo ya uso wa mchuzi. Ukiuacha unamwaga kwa nguvu sehemu moja, unachimba shimo kwenye nafaka, na mchuzi wote utapita kwenye shimo hilo bila kuchujwa. Mimi naelekeza mdomo kwenye kisosi cha bati kilichokaa juu ya rojo. Si kitu cha kujivunia kwa wageni, lakini kinatawanya vizuri.

Jaribio la maji

Usianze na kimea. Jaza lita 15 za maji ya kawaida, fungua koki zote mbili, shusha mpira wa kurudi chini ya usawa wa maji ya sufuria mpaka maji yaanze kutoka yenyewe. Maana yake pampu imejaa. Upandishe tena mahali pake, kisha washa. Ikizunguka bila kutoa maji, zima, hesabu mpaka tano, washa; hewa hupanda wakati pampu imezima. Usiiache ikizunguka kavu hata kwa dakika moja, maana maji ndiyo yanayopoza na kulainisha shafti yake.

Rudia kwa maji ya nyuzi 70, ukae nayo nusu saa. Kiungio kisichovuja kwa maji baridi huanza kulia kikipata moto.

Halafu pima mwendo kwa jagi la lita moja na saa ya simu. Bana koki ya kutokea mpaka jagi lijae kwa sekunde 45 hadi 60. Utaona ni polepole mno, mkono utawasha kuifungua. Acha hapohapo.

Siku ya kupika, kwa kimea cha mtama

Mafunzo mengi ya mtambo wa namna hii yameandikwa kwa shayiri, na mtama una ugomvi wake. Kwanza hauna ganda gumu la kujenga chujio kama shayiri. Pili, wanga wa mtama unalainika kwenye joto la kama nyuzi 68 hadi 78, ilhali vimeng'enya vya kimea, vile vinavyogeuza wanga kuwa sukari, vingi vinaanza kufa ukipita 70. Ukiloweka tu kwenye 65 kama wafanyavyo watu wa shayiri, utazungusha maji ya unga siku nzima. Nigeria ilipopiga marufuku kuingiza kimea cha shayiri mwaka 1988, hata viwanda vikubwa vya bia vilibidi vikae chini kujifunza nafaka hii.

Njia inayonifaa ni hii, kwa kilo 5 za kimea kilichokaushwa vizuri na kupukuswa mizizi na machipukizi yake. Kupukusa si urembo: machipukizi ya mtama yana kitu kinachozaa sumu ya sianidi, na hiyo ndiyo sababu nyingine ya kutoruka hatua ya kuchemsha. Mashineni mwambie mwendeshaji akiparaze, asikisage unga.

Changanya kimea na lita 12 za maji kwenye sufuria nyingine, isiyo ya pampu, rojo likae kwenye nyuzi 45 hadi 50 kwa nusu saa. Liache litulie. Chota lita 5 za yale maji ya juu, weka kando kwenye ndoo safi yenye mfuniko; humo ndimo vilimo vimeng'enya, kwa hiyo yasipate moto. Kilichobaki ongeza lita 7 za maji, chemsha dakika 20 hadi 30 ukikoroga bila kuondoka. Utapata uji mzito. Epua, koroga upoe mpaka nyuzi 74, kisha rudisha yale maji ya kando. Joto litaangukia karibu na 65.

Hapo litatokea jambo ambalo kila mama anayetengeneza togwa analijua: uji unalegea. Dakika 20 tu, mwiko uliokuwa umesimama unaanza kuelea. Usiguse pampu kabla ya hapo. Pampu inasukuma maji, na uji bado si maji.

Wakati unasubiri, andaa sufuria ya pampu. Chujio chini, juu yake pumba za mpunga, yale maganda magumu yanayotupwa nje ya mashine za kukoboa. Nusu kilo inatosha, na ni rundo kubwa kuliko unavyofikiri. Zioshe kwa maji ya moto mara tatu, mpaka vumbi liishe. Hizi ndizo zitakazofanya kazi ya ganda ambalo mtama hauna. Changanya nusu yake ndani ya rojo lililolegea, nusu ilale chini, kisha mimina rojo juu yake kwa bakuli, taratibu. Subiri dakika 15 litulie.

Sasa fungua koki, jaza pampu kama ulivyofanya na maji, washa, bana. Mchuzi wa kwanza utakuja mweupe kama tui. Usishtuke wala usiongeze mwendo. Baada ya robo saa unaanza kuona kidole chako kupitia mpira. Moto uwe mdogo kabisa, wa kulinda tu 65, kwa saa moja hadi saa moja na nusu. Kipimajoto kichomeke kwenye rojo upande ulio mbali na mpira wa kurudi, maana hapo ndipo panaposema kweli.

Kujua kama wanga umekwisha, dondosha mchuzi kidogo kwenye sahani nyeupe, weka tone la ayodini ya duka la dawa. Ukigeuka bluu nyeusi, endelea. Ukibaki na rangi ya ayodini yenyewe, umefika. Sampuli hiyo mwaga.

Ikiziba

Na itaziba, angalau mara ya kwanza. Dalili ni mpira wa kuingilia kunywea, sauti ya pampu kupanda, na mchuzi kujaa juu huku chini kukikauka. Mtu hukimbilia kufungua koki zaidi. Kufanya hivyo ni kuisaidia pampu ikandamize nafaka igande kama udongo wa kufinyanga. Zima. Ngoja dakika tano. Koroga rojo kutoka chini, ongeza lita mbili za maji ya nyuzi 70, acha litulie dakika 10, anza upya kwa mwendo wa nusu ya ule wa mwanzo. Ikiziba mara ya pili, kimea chako kilisagwa laini mno. Zima pampu, kamua kwa mfuko, na siku nyingine ugombane na mashine.

Ukimaliza, panda hadi nyuzi 75 huku pampu ikizunguka, mchuzi unalegea zaidi na kuchujika. Kisha elekeza mpira wa kurudi kwenye sufuria ya kuchemshia na pampu yenyewe ihamishe mzigo. Mgongo wako utashukuru.

Kazi ya pili: kupoza

Chemsha saa nzima. Usiwashe pampu mchuzi ukiwa unatokota. Kwenye nyuzi 100 inavuta mvuke na kuzunguka bure. Zima jiko, mapovu yatulie.

Pwani hii maji ya bomba yenyewe yana joto, kwa hiyo koili, yaani bomba la shaba lililoviringishwa linalopitisha maji baridi ndani ya mchuzi, peke yake haikufikishi mbali. Mafundi friji wanauza bomba laini la shaba. Mita sita za inchi tatu kwa nane, jipya, si lililotoka kwenye friji bovu lenye mafuta ya kompresa. Lizungushie kwenye ndoo lipate umbo, litumbukize kwenye mchuzi dakika 10 za mwisho za kuchemka ili vijidudu vife. Pitisha maji ya bomba mpaka mchuzi ushuke karibu 40. Hapo ndipo pampu inaingia: weka kwenye ndoo ya maji pande la barafu kutoka kwa wanaouza samaki, pampu isukume maji hayo ndani ya koili na kuyarudisha ndooni. Barafu hiyo haikutani na mchuzi, kwa hiyo harufu ya samaki isikutie hofu. Mpira wa kutoka kwenye ndoo ya barafu uunganishe chini ya ndoo, kwa koki, kwa sababu ileile: pampu haivuti.

Siku ya kwanza koili ya shaba ilipoonekana uani kwetu, mjumbe alifika kabla mchuzi haujapoa. Nilimkaribisha kiti, nikamwonesha kuwa ndani ya koili mnapita maji, si mvuke, na kwamba hapa hakuna gongo, ile pombe kali ya kukenekwa kwa mvuke. Gongo ni kosa la jinai, na koili ndiyo sura yake. Mweleze jirani mapema. Na ukitaka kuuza hata kikombe kimoja cha pombe yako, nenda kwanza kaulizie leseni halmashauri.

Kusafisha

Fanya papo hapo, kabla hujakaa. Maji safi ya moto lita tano yapite yote, kisha maji ya moto yenye sabuni kidogo ya vyombo yazunguke dakika 10, kisha maji safi mara mbili. Magadi makali ya kuzibulia mabomba yanakula sufuria ya alumini, na dawa za klorini zinatoboa hata chuma kisichoshika kutu, kwa hiyo zote mbili zikae chooni.

Kila baada ya mapishi matatu hivi, fungua skrubu za uso wa pampu. Chomoa pangaboi, osha tundu lake, angalia ile ringi ya mpira kama haijakatika, kausha, rudisha. Mimi niliruka hilo mara moja tu. Mwezi uliofuata nilipoiwasha haikuzunguka; ndani palikuwa na sukari iliyoganda kama kashata, na sisimizi wamehamia na watoto wao. Tangu siku hiyo pampu inalala imefunguliwa kwenye chombo chenye mfuniko, na mipira inatundikwa ncha zote zikiangalia chini.